Ukungu wa Kupeleka Mulot

Wengine hukumbuka utoto kwa harufu ya mkate, au ya nguo mpya za Krismasi. Mimi nikipita mahali baiskeli imetoka kwenye mteremko na mpira wa breki umepata moto, nasimama. Juzi nilikuwa nimebeba unga, nikasimama hivyo hivyo kando ya barabara mpaka mwenye baiskeli akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa nimerudi kwenye keria, nyuma ya mgongo wa Baba?

Maana Baba nilimjua kwa mgongo. Kwetu miaka ile baba na binti hawakukaa wakatazamana na kupiga hadithi. Baba akiingia nyumbani, sisi wasichana tulipata kazi jikoni hata kama kazi haikuwepo. Heshima ilikuwa hivyo, na hakuna aliyeiona kuwa ubaya. Lakini juu ya baiskeli hakuna anayemtazama mwenzake. Yeye anaangalia barabara, wewe unaangalia koti lake, na maneno yanatoka yenyewe. Koti lenyewe lilikuwa la kahawia, limepauka mabegani, lina kiraka kimoja ambacho Mama alikishona kwa uzi mweusi. Nimeongea na kiraka kile mambo mengi kuliko niliyoongea na uso wa Baba maisha yangu yote.

Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Wewe uliyekulia Bomet au Kericho utakumbuka zile krashi za mbao kando ya barabara, kizimba chembamba cha kumbana ng'ombe mmoja, ambapo zamani gari lilipita kwa saa yake na wakulima walingoja na ng'ombe wao kama watu wanaongoja zahanati. Sisi tulipopata akili gari lilikuwa limeshaacha kuja. Krashi zilibaki, na upande wetu alibaki Baba na baiskeli nyeusi, wakamwita Daktari. Simu za kumpigia hazikuwepo. Ng'ombe akianza kulia na kupanda wenzake, mkulima alifunga kitambaa cheupe kwenye mti wa lango, na Baba akikiona alijua anahitajika hapo. Ng'ombe wa namna hiyo hangoji mtu. Ukimwona asubuhi, jioni awe ameshahudumiwa, la sivyo unakaa wiki tatu nyingine ukimlisha bure.

Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa, na nilichojua ni kwamba Baba anadunga ng'ombe sindano ndefu halafu ng'ombe anakuja kuwa na maziwa. Fahali nilimjua, ndama nilimjua, lakini hakuna mtu aliyekuwa ameniunganishia hao wawili. Na Baba akifika kwenye krashi, kabla hajavaa ile glavu ya plastiki inayofika begani, aliniambia kila mara, "Nenda uhesabu magari." Basi nilienda barabarani nikahesabu magari. Nilidhani ni sehemu ya kazi, kwamba kuna mahali anaandika.

Nilikuwa nafuatana naye kwa sababu ya kifua. Nyumba yetu ilikuwa juu ya Kaplong, kwenye mashamba ya chai, mahali ambapo asubuhi huoni hata choo chako. Ule ukungu ulikuwa unaniingia kifuani na kukaa. Nilikohoa mpaka kuku wakashtuka. Muuguzi mmoja akamwambia Mama kwamba hewa ya joto ingenisaidia, na Mama akamwambia Baba, na Baba akakunja gunia, akalifunga kwenye keria. Kuanzia hapo kila likizo, siku ya Alhamisi, nilishuka naye upande wa Mulot, tukalala kwa shangazi, tukarudi Ijumaa.

Sasa sikiliza jinsi mtoto anavyofikiri. Baba alikuwa na mtungi wa rangi ya fedha wenye shingo nyembamba, aliouweka ndani ya kisanduku cha mbao mbele ya usukani, akaufunga kwa vipande vya tyubu. Kila Alhamisi alfajiri alisimama uani katikati ya ukungu, akaufungua, akatumbukiza kijiti, akakitoa na kukipunga hewani. Kijiti kilitoka cheupe. Na mdomoni mwa mtungi kulikuwa na ukungu mwingine, mzito, unaojikunja na kuchanganyika na ule wa nje. Mtu mzima angeona kwamba unatoka. Mimi nilisimama mlangoni na blanketi, nikaona unaingia. Baba alikuwa anaujaza. Alikuwa anaupunguza pale uani kwa ajili ya kifua changu, halafu anaupeleka kule ambako hawana, anawadunga ng'ombe wao. Si ndiyo maana ng'ombe wetu wa kwenye chai walikuwa na maziwa mengi? Wao waliuvuta bure kila siku. Wale wa chini walihitaji sindano.

Sikumwambia mtu. Nilijivunia kimya kimya.

Na barabara ile, jamani. Siku hizi nasikia kuna watu wanapanda baiskeli kwa kujifurahisha, wamevaa nguo za kubana, wanatafuta njia zenye kupendeza. Sisi tulikuwa nayo bila kujua. Tulitoka nyumbani chai ikiwa imetuzunguka huku na huku, imekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto wa shule, na akina mama wameshaingia ndani yake na vikapu mgongoni na plastiki kiunoni, unaona vichwa tu vinaelea. Halafu tulishuka Kaplong na breki zinalia, Baba ananiambia, "Funga mdomo, utameza wadudu." Kisha vilima vya kwenda Bomet, panda shuka, panda shuka, na penye kupanda sana nilishuka nikasukuma keria kwa mikono miwili. Naamini nilikuwa nasaidia. Baba alisema, "Asante, injini." Ukivuka mto pale Bomet, mbingu inapanuka. Chai inakwisha, sweta inavuliwa, kuna ngano na vumbi na punda waliobeba maji, na kifua changu kinafunguka kama mtu amenitoa kamba.

Mara moja tu tulienda upande mwingine kabisa, mpaka Kiptere, kwa harusi. Tukiwa kileleni Baba alisimamisha baiskeli akanionyesha kwa kidevu mstari mweupe huko chini kabisa. "Lile ni ziwa." Watu wa upande wa ziwa waliofanya kazi kwenye mashamba makubwa walikuwa wanatupita kwa baiskeli zao wakienda kwao, wanapiga kengele, mmoja akaniambia nikimfuata nitakula samaki mkubwa kuliko mimi. Mimi niliangalia ule mweupe, nikafikiri, kumbe hata ukungu una kwao.

Alhamisi moja ya likizo ya mwezi wa nne, tukiwa tumeshapita Bomet, niliuliza kile kiraka:

"Baba, kwa nini huku hakuna ukungu?"

"Huku ni chini."

"Na mahindi yao yakiutaka?"

Alicheka. Nilihisi mgongo ukitikisika. "Basi siku moja tutawaletea."

Ni hayo tu aliyosema. Yeye aliyasahau kabla ya kona.

Kogo Rael alikaa kwenye kona moja kabla ya kufika Mulot. Kogo ni nyanya, na ingawa hakuwa wa damu yetu, Baba na mimi sote tulimwita hivyo. Alikuwa mwembamba, mrefu, ana sauti ya mwanaume, na alikuwa akilea wajukuu wawili wavulana ambao wazazi wao walikuwa kazini huko kwenye chai. Ng'ombe wake wa kienyeji walikuwa wadogo na wakali, maziwa yao hayajazi kikombe. Tumaini lake lilikuwa Chelel, mtamba mweupe mwenye mabaka meusi, ambaye mama yake alikufa siku ya kumzaa. Kogo alimlea kwa kumnywesha kwa mkono, akalala naye jikoni. Lakini Chelel alikuwa ameshadungwa sindano mara mbili na hakushika mimba. Mtoto mkubwa wa Kogo alikuwa ametoa neno, kwamba mara ya tatu ikishindikana, mtamba anakwenda sokoni Mulot kwa watu wa nyama. Na nyumba ile ilikunywa chai ya rangi kila asubuhi, bila tone la maziwa. Kwetu sisi Wakipsigis hiyo si chai. Hata mgeni akiletewa anajua amefika pahali pa shida.

Alhamisi ile tulipokata kona, kwenye mti wa lango hapakuwa na kitambaa. Palikuwa na shuka nzima.

"Kogo, kitambaa kidogo kinatosha," Baba alisema akishuka.

"Macho yako siyaamini. Ile mara ya kwanza ulinipita."

"Ulikuwa umefunga cha kijani. Kwenye miti."

"Ndicho nilikuwa nacho. Ulitaka nifunge nguo yangu ya kanisa?"

Walikuwa wanapenda kugombana hivyo. Kogo akasema Chelel amelia tangu alfajiri, na sasa amekata kamba na kushuka mtoni, wavulana wamemfuata. Baba akavua koti. Kabla hawajaondoka Kogo alisimama mbele ya mahindi yake, yaliyofika kwenye magoti yangu, majani yamejikunja kama sigara. Mvua ilikuwa imekuja mara moja ikawadanganya watu wapande, ikakwenda.

"Mawingu ya huku ni ya kuonyesha tu," alisema. "Yanapita hapa juu yakienda kwenu. Hata hayasalimii."

Baba akaniambia nikae na baiskeli, nisiguse kitu. Wakashuka mtoni.

Nilikaa. Niliangalia mahindi, nikaangalia mtungi. Yale maneno ya mawingu kutosalimia yaliniuma kweli, kwa sababu nilijua yanakwenda wapi. Yanakuja kukaa kifuani kwangu, ambako hayahitajiki, na bibi huyu hana hata kidogo. Na si Baba mwenyewe alisema siku moja tutawaletea? Labda alikuwa na kazi nyingi. Labda alinyamaza akingoja mimi nifikirie mwenyewe.

Nilifungua zile tyubu. Nilizungushia mtungi sweta, nikaukumbatia, nikauburuta mpaka kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, nikatoa kifuniko, nikauinamisha.

Ukungu ulitoka kwa mlio, ssss, kama chapati kwenye mafuta. Halafu ukawa mweupe, mwingi, umelala chini, unakimbia kati ya mahindi kama maziwa yaliyofurika jikoni. Ulifunika udongo, ulifunika miguu yangu, mahindi yakabaki yamesimama juu ya wingu. Nilicheka peke yangu. Vijiti vyembamba vya rangi, vya njano na vya kijani, vilianguka pamoja nao. Nilipookota kimoja kidole kikaniuma kama nimeshika moto, lakini nilivirudisha vyote ndani kwa sababu nilijua ni vya Baba. Kisha, kwa muda wa kuhesabu mpaka thelathini, wingu likaisha. Vumbi likarudi kuwa vumbi. Nilirudisha mtungi kwenye kisanduku, nikaufunga vizuri. Sikuwa na hofu hata kidogo. Nilikuwa nimekaa pale na furaha ya mtu aliyeleta zawadi na anangoja wenyewe warudi waione.

Walirudi na Chelel katikati yao, wavulana wamelowa. Wakamwingiza kwenye krashi ya Kogo. Baba akanawa, akavaa glavu. "Nenda uhesabu magari."

Nilikuwa nimehesabu malori mawili ya ngano Baba aliponiita.

"Chebet."

Nikarudi.

"Nani amefungua huu mtungi?"

"Ni mimi."

"Umeumwaga?"

"Nimeyapa mahindi."

Baba hakuwa mtu wa kukaa chini ovyo. Alikaa pale pale kwenye mavi ya ng'ombe makavu, glavu bado iko mkononi. Kogo akauliza, "Ni nini, Daktari?"

"Hakuna kitu, Kogo. Zimekufa."

"Zote?"

"Zote."

Mimi nikatazama huku na huku nikitafuta kilichokufa. Sikuwa nimeona kitu chochote chenye uhai. Lakini niliona uso wa Kogo, jinsi ulivyogeuka ukamwangalia Chelel na kubaki hapo.

Baba alitazama jua. Halikuwa limefika utosini bado. Akasimama. "Una thermos, Kogo?"

Alikuwa nayo, yenye maua mekundu, ina chai ya rangi nusu. Kogo aliimwaga bila kuuliza. Baba alisema kuna mwenzake wa kazi Bomet, atampa mrija mmoja, kama vile vijiti vya rangi, na gesi kidogo ya baridi kali ya kuulinda njiani, na atarudi kabla jua halijashuka. Kwenda Bomet na kurudi kulikuwa ni njia nyingine kama ile tuliyotoka asubuhi, na mwanzo wake ni kupanda. Aliifunga thermos ndani ya kisanduku. Kisha akaona nimeficha mkono nyuma. Akauchukua, akaugeuza, akakiangalia kidole kilichovimba.

"Mwoshe kwa maji ya vuguvugu," alimwambia Kogo. "Usimweke karibu na moto."

Akapanda. Nilikuwa sijawahi kuona mgongo ule ukiniacha.

Kogo aliniweka kwenye kiti kidogo, mkono ndani ya bakuli.

"Sasa niambie. Ulifikiria ni nini?"

"Ukungu."

"Ukungu wa wapi?"

"Wa kwetu. Baba anaujaza asubuhi."

Aliongeza maji ya vuguvugu kwenye bakuli. "Na yeye hajakuambia kuna nini mle?"

"Dawa."

"Mm. Dawa." Akatikisa kichwa. "Baba yako ana heshima mpaka inamwagika. Mimi ni kogo, sina aibu na wewe. Mle ndani kulikuwa na mafahali."

"Ndani ya mtungi?"

"Ndani ya mtungi. Wakubwa kama lori lile."

"Wanaingiaje?"

"Ah. Hapo sasa."

Akanieleza. Alieleza kama mtu anayefundisha kusonga ugali, kwa mikono, bila kushusha sauti. Wajukuu wake walianza kucheka kichinichini, akawafukuza kwa kijiti. Alipomaliza nilijua kwa nini nilikuwa nimehesabu magari likizo zote zile. Nilijua pia kwamba kulikuwa na ndama ndani ya vile vijiti vya rangi, ndama wa watu wengi, wa kila lango lenye kitambaa kutoka hapo mpaka kwetu, na nilikuwa nimewamwaga juu ya vumbi. Hapo ndipo nililia. Kidole sikukikumbuka.

Kogo hakuniambia ninyamaze. Alileta kamba ya Chelel, akaiweka kwenye mkono wangu mzima. "Lia, lakini shika hii. Akikata tena sisi tumekwisha."

Basi nikakaa na Chelel mchana wote. Wakati mmoja Kogo alikwenda kuangalia shamba, akarudi na mche wa mahindi ulioungua, majani yamekuwa meusi na laini kama mboga iliyotoka kwenye sufuria.

"Mistari miwili imepikwa," alisema. "Kwenu ukungu unafanya hivi?"

"Hapana, Kogo."

"Basi asante kwa kukaa nao huko." Akamrushia Chelel ule mche.

Jua likapita utosini, likaanza kushuka. Kila baiskeli iliyotokea kwenye kona nilisimama, kila baiskeli haikuwa yake. Chelel, aliyekuwa anavuta kamba na kulia, akaanza kutulia. Alilamba pua. Akacheua. Mimi nilifurahi kwamba amechoka, mpaka nikaona Kogo amekuja kusimama karibu naye, anampapasa mgongoni juu ya mkia, anangoja aone atafanyaje.

"Hamu inampita?" niliuliza. Nilikuwa mtu mwenye habari sasa.

"Bado kidogo iko." Hakuniangalia.

Kivuli cha krashi kilikuwa kimevuka barabara Baba alipotokea. Hakuwa juu ya baiskeli. Alikuwa anakimbia kando yake, anaisukuma, gurudumu la nyuma limelala bapa kwenye rimu. Lilipasuka pale Longisa, njiani kutoka Bomet, alituambia baadaye, akaona akikaa kuziba atachelewa. Shati lilikuwa limemgandama mwili mzima. Thermos alikuwa ameitoa kwenye kisanduku na kuikumbatia kwa mkono mmoja, wima, kifuniko kimelegezwa, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Hakunywa maji aliyopewa. Alinawa, akavaa glavu, akafungua thermos. Ukungu mdogo ukachungulia kwenye yale maua mekundu.

"Nenda uhesabu..." alianza. Akamtazama Kogo. Kogo akatazama paa la nyumba yake.

"Shika kamba," Baba akaniambia. "Mshike kichwa asigeuke."

Nikamshika kichwa. Chelel alikuwa na kope ndefu, na pumzi yake ilikuwa ya joto shingoni kwangu. Baba alikuwa upande ule mwingine, amekunja uso, anafikiria kwa vidole. Tulifanya kazi ile na Baba tukiwa tumetazamana, ng'ombe mzima katikati yetu, na haikuchukua muda wa kuimba wimbo mmoja.

Halafu alikunywa chai ya rangi vikombe vitatu, tukasukuma baiskeli mpaka kwa shangazi.

Kesho yake tukirudi, tulipanda vilima viwili kabla sijapata ujasiri.

"Baba. Kogo ameniambia."

Miguu yake iliendelea kukanyaga. "Amekuambia yote?"

"Yote."

"Hata..."

"Hata hiyo."

Masikio yake nikayaona yanabadilika rangi kwa nyuma. Tulifika mtoni Bomet ndipo akasema, "Basi ni vizuri." Na tulipoanza kuona chai: "Kosa ni langu. Niliona aibu kukwambia."

"Na ulisema siku moja tutawaletea."

"Nilisema?"

"Ukungu. Ulisema."

Akafikiri. "Basi ni makosa mawili."

Njia yote ile kulikuwa na vitambaa. Sijui kama siku nyingine vilikuwa vingi hivyo au ni macho yangu. Penye kila kitambaa Baba alishuka, akaingia mwenyewe, akamwambia mwenye ng'ombe kwamba leo hana kitu, mtungi umeharibika, aliuacha wazi. "Niliuacha wazi," alisema, mimi nikiwa hapo hapo kwenye keria. Wengine walisema pole, mmoja alimwambia mtu mzima hafanyi kazi hivyo. Baba alikubali kwa kichwa. Mimi sikufungua mdomo kumrekebisha, wala yeye hakugeuka kuona kama nitaufungua. Nimekuwa mtu mzima, nimefanya makosa mengine makubwa kuliko lile, lakini kimya kile ndicho ninachokisikia bado.

Wiki tatu ni ndefu. Mtungi ulijazwa, mirija mingine ikapatikana, kazi ikarudi. Mimi nilihesabu siku kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango wa jikoni. Mama akauliza ni nini, nikamwambia ni hesabu za shule. Ng'ombe ambaye hakushika hurudia baada ya siku ishirini na moja, au karibu na hapo. Kama Chelel angerudia, shuka ingekuwa kwenye lango, na baada ya shuka ni soko. Sikumwuliza Baba anafikiria nini. Lakini Jumatano usiku nilimsikia akimwambia Mama kwamba mrija ule ulikaa kwenye thermos muda mrefu, na gesi ilikuwa kidogo.

Alhamisi tuliondoka mapema kuliko kawaida. Kila kilima alikipanda amesimama juu ya pedali, na mimi nikasukuma mpaka mikono ikatetemeka. Baada ya Longisa kulikuwa na mvua iliyonyesha usiku, barabara inang'aa, mahindi ya watu yamefunguka. Sikuyaangalia. Tulipokaribia kona ya Kogo, Baba aliacha kukanyaga. Baiskeli ilikwenda yenyewe, polepole, gurudumu linahesabu tik, tik, tik. Nilishika koti lake kwa mikono miwili, nikafunga macho.

Kisha nikahisi mgongo wake umeshusha pumzi, nikayafungua.

Lango lilikuwa tupu. Kando yake, kwenye kiti chake kidogo, alikuwa amekaa Kogo Rael, mikono mapajani, kama mtu aliyekaa hapo tangu asubuhi akituchunga. Nyuma yake Chelel alikuwa amelala kwenye majani mapya, anacheua.

Kwetu mtu hapiti nyumba ya mtu mzima bila kuingia. Ni aibu kwa anayepita, na kwa anayeacha apitwe ni aibu zaidi. Baba alikuwa ameshainua mguu ashuke.

"Siku tano namwangalia, mchana na usiku," Kogo alisema. "Amelala hivyo." Akapunga mkono, kama anafukuza kuku. "Pita tu, Daktari. Leo sina kazi na wewe."

Baba akarudisha mguu kwenye pedali. Akainua mkono mmoja kumuaga, baiskeli ikayumba, ikanyooka, tukapita.